Mama Azeekee Wapi? Mama Nesi Anajibu Barua Zenu

Wasomaji wangu, mwezi huu nimeweka pembeni barua za presha na sukari. Zimenifikia tatu zinazouliza jambo moja kwa sura tatu: mzee akae wapi. Nilikuwa nesi kwa miaka 34, na 11 ya mwisho niliimalizia wodi ya mifupa hapa Tanga. Wazee waliovunjika nyonga nimewageuza kitandani kwa mikono yangu, na nilipowauliza walianguka wapi, wengi walinijibu vilevile: "Nilikuwa nakwenda chooni." Kwa hiyo mnivumilie nikikitaja choo mara nyingi.

"Mama anasema hatoki Pangani"

*Shikamoo Mama Nesi. Mama yetu ana miaka 76, anaishi Pangani peke yake tangu baba alipofariki mwaka 2019. Masika yaliyopita, saa nane usiku, alitoka kwenda choo cha uani akateleza. Alilala pale chini mpaka jirani alipoamka kwa sala ya alfajiri akamsikia. Hakuvunjika, ila mkono wa kulia ulivimba wiki tatu, na tangu siku ile anaogopa. Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa yuko Dar, Tabata, amepanga ghorofa ya pili. Anataka mama aende kwake na nyumba ya Pangani iuzwe. Dada yuko Muscat, ana kiwanja Pongwe. Anasema atatuma hela tumjengee mama nyumba ndogo ya kisasa. Mdogo wetu wa kiume yuko Arusha. Alitaja makazi ya wazee tukamkaripia, na hajaandika neno kwenye kundi la WhatsApp la familia tangu siku hiyo. Mimi niko Makorora, chumba na sebule, nina watoto watatu, na kila jambo likitokea ni mimi ninayepanda gari kwenda Pangani. Mama mwenyewe anasema hatoki. Tushike lipi?*
*Binti wa Kati, Tanga*

Marahaba mwanangu. Pole, na pole zaidi kwa mama aliyelala saa tatu kwenye sakafu yenye maji huku akiita na hakuna anayemsikia. Hofu aliyonayo sasa ni ugonjwa kamili. Mzee akishaogopa kuanguka hupunguza kutembea, miguu hupoteza nguvu, na miguu isiyo na nguvu ndiyo inayomwangusha tena.

Kabla hamjagombania nyumba, jueni kwanza kwa nini alianguka. Mpeleke hospitali wampime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, maana wako wazee ambao presha hushuka ghafla wanaponyanyuka kitandani na dunia ikawazunguka. Wamtazame macho kama ana mtoto wa jicho. Na zile dawa zake zote, zitie kwenye mfuko uzipeleke, umwonyeshe daktari hata vile vidonge alivyopewa na jirani. Kama mama anakunywa dawa ya presha ile ya kukojoza, na anainywa jioni, basi hiyo yenyewe inaweza kuwa inamwamsha saa nane kwenda uani. Muulizeni daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Msihamishe wenyewe.

Sasa nije kwa kaka. Nakuomba umsomee sehemu hii polepole, kwa sababu mimi niliwahi kuwa yeye.

Mwaka 2011 nilimchukua mama yangu kutoka Lushoto nikamleta kwangu Tanga mjini. Nilikuwa na chumba kizuri, choo ndani, feni, na mimi mwenyewe ni nesi. Ungeniambia nimekosea ningekukatalia. Mwezi wa kwanza alikuwa anasifia kila kitu. Mwezi wa pili aliacha kusifia. Mwezi wa tatu akawa ananiuliza kila jioni nani amefungia kuku, na hapakuwa na kuku. Nilidhani akili inaondoka. Ndugu yangu mmoja alipokuja kumtembelea akaniambia, "Hapa mama hana mtu wa kumsalimia." Ilikuwa kweli. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi jioni nimechoka, na majirani hawamjui ni mama wa nani. Kijijini alikuwa hamalizi kikombe cha chai bila mtu kupita na kumwita. Mwezi wa nne nilimrudisha. Tulimjengea choo kilichoshikana na chumba chake, akalala na mjukuu wa dada yake, na akaishi miaka sita mingine akifungia kuku wa kweli. Ile miezi minne bado inaniuma. Sikuwa nimemuuliza hata siku moja kama anataka kuja. Nilimwambia tu siku ya safari.

Sisemi kwenda kwa mtoto mjini ni vibaya siku zote. Mzee anayehitaji kuonwa na daktari bingwa kila wiki, au ambaye usahaulifu umefika mahali pa kuacha moto jikoni na kupotea njia, huyo hawezi kubaki mbali na watoto. Lakini mama yenu bado ana akili zake na kauli yake. Muulizeni kaka, kwa heshima: huko Tabata mama atalala chumba gani, na nani? Ngazi za ghorofa ya pili atazishuka mara ngapi kwa wiki? Choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani? Kaka na mkewe wakienda kazini na watoto shule, mama atashinda na nani? Akiwa na majibu ya kuridhisha, mama aende kama mgeni, mwezi mmoja, na ufunguo wa nyumba ya Pangani abaki nao mfukoni mwake. Akipenda mwenyewe kuongeza, sawa.

Nyumba isiuzwe. Hapa nasema kwa nguvu. Kwanza, ni ya nani? Baba amefariki 2019. Kama hati au karatasi za kiwanja ziko kwa jina lake na mirathi haijafunguliwa, kaka hana cha kuuza, hata kama ndiye mkubwa. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia kama yenu Mahakama ya Mwanzo ndiyo mlango wa kuanzia. Katika mgawo wa Kiislamu, mjane ambaye mumewe ameacha watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane, na ninyi mna mafungu yenu. Kwa hiyo fungueni mirathi hata kama hamuuzi, ili mama akae pale akijua hakuna atakayemwamsha siku moja na mnunuzi mlangoni. Pili, mzee ambaye nyumba yake imeuzwa hana tena pa kurudi. Hata akinyanyaswa atanyamaza. Wodini nimewauguza kina mama wa namna hiyo, wenye watoto wema tu, ambao waliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi wanaomba ruhusa kabla ya kuchemsha maji.

Dada wa Muscat ana moyo mkubwa na Mungu amlipe. Ila Pongwe panipe nafasi ya kuuliza: kiwanja kina majirani, au ni vile viwanja ambavyo kila mtu amepiga msingi akaondoka? Nyumba mpya yenye ukuta, geti na marumaru inayong'aa, ndani yake mama wa miaka 76 peke yake, ni hatari kuliko uani wa Pangani. Pangani alisikika, japo kwa kuchelewa. Marumaru laini zikipata maji ni kama kupaka sabuni chini ya miguu ya mzee. Kama ninyi wenyewe, wewe na watoto wako, mko tayari kuhama Makorora mkakae naye Pongwe, hapo wazo la dada linageuka kuwa zuri kweli: nyumba moja yenye milango miwili, mama upande wake ana sebule na choo chake, na ukuta kati yenu ambao sauti inapita. Hospitali ya mkoa iko karibu kuliko akiwa Pangani, na wewe unaacha kulipa kodi. Lifikirieni kama mpango wa miaka inayokuja. Msilijenge kwa haraka ya hofu.

Mimi ningeanza na Pangani palepale.

Nyumba hizi zetu za Kiswahili nazijua: baraza mbele, ukumbi unaokata katikati, vyumba huku na huku, halafu mlango wa nyuma na uani ambako kuna jiko, kisima au bomba, na choo kule pembeni kabisa. Zilijengwa na watu wenye miguu mizima. Kasoro yake kwa mzee ni moja kubwa: usiku lazima afungue komeo, ashuke kizingiti, akatize uani gizani. Basi chukueni chumba cha mwisho kilicho karibu na mlango wa uani, kiwe cha mama. Fundi apige mlango ukutani na kuunganisha choo kidogo kwa nyuma, maji machafu yaende kwenye shimo lilelile kama bado zima. Hela ya dada inatosha kuanza hapo, na ni kidogo sana mbele ya ile ya nyumba nzima.

Fundi usimwachie mwenyewe. Mwambie hivi, na uwepo siku anayofanya. Mlango wa choo upana usipungue sentimita 80, ili siku ikifika kiti cha magurudumu kipite. Ufunguke kwa nje. Hili mafundi hulipuuza na mimi nililiona linavyoua: mzee mmoja alianguka chooni, mwili wake ukaziba mlango unaofunguka kwa ndani, na mpaka wanavunja bawaba alikuwa amekaa humo muda ambao familia yake haipendi kuutaja. Komeo la ndani liwe la kufunguka hata kwa nje. Choo kiwe cha kukaa, urefu wa kiti kama sentimita 45. Kile cha kuchuchumaa magoti ya miaka 76 hayakiwezi, na kama fedha imepungua basi kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati kinafaa juu ya tundu. Bomba la chuma la kushikia lichimbiwe ukutani, moja pembeni ya kiti na jingine anapoogea, kwa zege, siyo kwa misumari. Fundi mwenyewe alining'inie kwa uzito wake wote kabla hujamlipa. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa. Kizingiti kiondolewe. Kama hakiondoki, wekeni mteremko mrefu: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, yaani kizingiti cha sentimita 15 kinakula karibu mita mbili. Mkimfanyia mteremko mfupi na mkali mtakuwa mmemjengea mtelezo.

Taa iwake usiku kucha kati ya kitanda na choo. Za sola ndogo zipo madukani. Kandambili zile za kuchomoka kisigino zitupwe, apate viatu vya kushika mguu. Na kitanda: vile vya samadari vya mama zetu vina miguu mirefu. Mkalishe ukingoni, utazame kama nyayo zote mbili zinagusa chini. Zisipogusa, seremala apunguze miguu ya kitanda. Najua ni kitanda cha harusi. Muombeni ruhusa kwanza.

Limebaki la kusikika. Umesema anaishi peke yake, na nyumba yenye vyumba huku na huku haina sababu ya kuwa na mtu mmoja. Tafuteni mpangaji wa chumba kinachotazamana na cha mama: mwalimu, nesi wa zahanati, mjane mwenye mtoto mmoja, mtu ambaye mama amemchagua mwenyewe baada ya kumwona. Asilipe kodi, au alipe nusu, na kwa badala yake usiku awepo na aamke akiitwa. Liandikeni kwa karatasi, mjumbe ashuhudie, kwa sababu mapatano ya mdomo hudumu mpaka siku ya kwanza ya kutoelewana. Kama mtachukua binti wa kazi badala ya mpangaji, mlipeni mshahara kila mwezi kwa tarehe. Maneno ya "tutakuangalia" ndiyo yanayofanya mabinti waondoke usiku na kumwacha mzee. Na filimbi. Ndiyo, filimbi ya mchezo wa mpira, ya bei ndogo kabisa, aivae shingoni kwa kamba. Sauti ya mzee aliyeumia haifiki mbali. Filimbi inaamsha mtaa.

Mdogo wenu wa Arusha mpigieni simu leo, msimwandikie. Hakumtukana mama. Alikuwa amechanganyikiwa kama ninyi. Jibu lake ni kwamba makazi ya wazee ya serikali hayapo kwa ajili ya mama yenu. Yako Mwanzange hapahapa Tanga, yako Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Misungwi na kwingineko, na yamewekwa kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza na asiye na ndugu wa kumtunza. Kitanda kile ana haki nacho mtu asiye na ninyi wanne.

Gawaneni mzigo kwa majina. Dada analipa fundi. Kaka analipa dawa na safari za hospitali. Mdogo anapiga simu kwa mama kila siku baada ya isha, bila kukosa, na asipopokelewa mara mbili anampigia mpangaji. Wewe unakwenda Pangani Jumamosi mbili kwa mwezi, na nauli yako inatoka kwenye mchango. Usione haya kuidai hiyo nauli. Anayeishi karibu ndiye anayechakaa, halafu akichakaa wote huulizana kwa nini mama hakuangaliwa.

Na mama mwenyewe mkaulizeni vizuri. Siyo kikao cha watu kumi na mzee wa ukoo. Kaa naye wewe peke yako mkichambua mchele, umuulize anachokiogopa akitoka Pangani, na anachokiogopa akibaki. Usijibu kitu siku hiyo. Labda ni kaburi la baba, labda ni chama cha kuzikana alichochangia miaka yote, labda ni mkwe asiyepatana naye na hawezi kukutajia. Mwambie pia wazi siku ambayo "hatoki" itabidi izungumzwe upya: akianguka tena pamoja na marekebisho haya, akisahau moto jikoni, akilala kwenye mkojo bila kujua, akikosa kutambua njia ya msikitini. Akubali hayo sasa akiwa na nguvu, mkiwa wawili.

"Bibi hajakanyaga chini tangu Idi"

*Assalamu alaykum Mama Nesi. Bibi yetu ana miaka 81, anakaa ghorofa ya nne Michenzani, Unguja, tokea nyumba zile zikiwa mpya miaka ya sabini. Hapa kwetu ni ngazi tupu. Tokea Idi ya mwaka jana hajashuka. Mjomba kajenga Fuoni, nyumba ya chini, anataka bibi ahamie. Bibi anasema Fuoni ni shamba, hana anaemjua. Nani yuko sahihi?*
*Mjukuu, Unguja*

Wa alaykumu salaam mjukuu wangu. Wote wawili. Mjomba yuko sahihi kuhusu ngazi, na bibi yuko sahihi kuhusu watu.

Kwa hiyo tafuteni ya tatu: chini ya palepale. Majumba yale marefu yana watu wa chini wenye vijana wanaotaka hewa na mandhari ya juu. Zungukeni mtaani, muulize nani yuko tayari kubadilishana. Bibi akipata chumba cha chini atarudi kwenye ulimwengu wake wa miaka hamsini, atakaa nje jioni na watu watampitia. Ila nyumba zile ziko chini ya Shirika la Nyumba Zanzibar. Nendeni ofisini kwao mapema, kabla ya kuhamisha hata godoro, mabadilishano yaandikwe kwa majina sahihi. Usiyaache yawe ya siri baina ya jirani na jirani, maana siku mmoja akifa warithi hawataijua siri hiyo.

Wakati mnatafuta, fanyeni jaribio hili siku ambayo bibi ni mzima: mshusheni mpaka chini kwa kiti imara cha mikono, vijana wanne, polepole. Mhesabu dakika. Hizo ndizo dakika mtakazokuwa nazo siku akiugua usiku, na ni bora mzijue sasa. Na miguu yake ianze kazi: ainuke na kukaa kwenye kiti mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mtu akiwa pembeni. Mapaja yasiyotumika yanakwisha haraka.

Anapata Pensheni Jamii? Zanzibar iliianza mwaka 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye kuwa 50,000. Kama anaipata, fedha hiyo ni yake, na aamue yeye itumike wapi. Bibi anayetoa hela mwenyewe ya kulipa wapagazi wa kuhamisha kabati lake hahamishwi, anahama.

Akikataa kabisa chini na juu hakukaliki, basi Fuoni, lakini mjomba amchukue kila Ijumaa ashinde mjini.

"Je, ni aibu kwenda Bukumbi?"

*Dada Nesi, salaam. Nina miaka 68, nilikuwa mlinzi wa kiwanda. Mke wangu alifariki, hatukujaliwa mtoto. Nimepanga chumba Igoma, Mwanza. Pensheni yangu ni ndogo, kodi inapanda, na miguu inavimba. Nimesikia habari za makazi ya wazee Bukumbi. Wenzangu wananicheka kwamba huko wanakwenda waliotupwa. Nishauri.*
*Mlinzi Mstaafu*

Kaka yangu, salaam, na pole kwa shemeji. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Si aibu. Wanaokucheka hawajui historia. Bukumbi na Nunge, kama makazi mengine kadhaa, yalianza kwa ajili ya watu waliougua ukoma, ambao jamii iliwakimbia. Jina la "waliotupwa" limebaki kutoka enzi hiyo. Aibu yake ni ya waliokimbia.

Lakini nikuambie ukweli kuhusu nafasi yako. Mlango wa makazi yale unapitia serikali ya mtaa wako, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anayekuja kuthibitisha kwamba huna ndugu wala uwezo. Wewe una pensheni, hata kama ni ndogo, na unajitegemea. Inawezekana kabisa wakakuambia bado. Usilichukulie kama kufukuzwa. Nenda hata hivyo, ujulikane, jina lako na hali yako viwe ofisini kwake kabla ya siku mbaya. Umuulize hapohapo kuhusu kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, na dirisha la wazee hospitalini. Na hiyo miguu inayovimba ipimwe wiki hii, maana moyo na figo hutoa taarifa kupitia miguu.

Nenda Bukumbi kutembea. Panda gari siku moja ya kawaida, siyo siku wageni wanapopeleka misaada, ukae na wazee wenzako chini ya mti. Waulize wanakula saa ngapi na nini. Waulize mtu akiugua usiku anaitwa nani na anafika baada ya muda gani, kama wanaruhusiwa kutoka kwenda sokoni, kama wana kibustani cha kulima. Tazama umbali wa choo na vitanda. Tazama pia nyuso zao wanapokuona mgeni: wanasogea kuzungumza, au wanatazama chini? Mimi ningeamini hilo kuliko maelezo yoyote ya ofisini. Yako pia makazi ya masista wa Katoliki katika mikoa mbalimbali yanayopokea wazee bila kuuliza dini. Parokia ya karibu itakuelekeza, hata kama wewe si muumini wao.

Kwa sasa, ushauri wangu ni kuhama chumba. Tafuta nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi humohumo na familia yake, chumba cha chini, choo cha jirani na mlango wako, zahanati unayoifikia kwa miguu yako hii iliyovimba. Kubali kiwe kidogo kuliko ulicho nacho, hata kama paa linavuja kidogo ambapo utaweka ndoo, maana paa linazibika. Wewe ni mlinzi wa maisha yote, na hilo ni mtaji. Mwambie mwenye nyumba utakuwa unashika geti na kulala macho yakiwa nusu, na yeye asipandishe kodi kwa miaka miwili. Andikeni. Nimeshuhudia mapatano kama hayo yakimtunza mzee hapa Chumbageni mpaka siku yake ya mwisho, na watoto wa nyumba ile wakamlilia kama babu yao.

Kisha chagua watu wawili, mmoja jirani na mmoja wa msikitini au kanisani kwako, uwape namba zako, majina ya dawa zako, na mahali unapoweka ufunguo wa akiba. Waambie kila asubuhi utafungua dirisha. Saa mbili ikifika halijafunguliwa, wagonge.

Nataka barua nyingine kutoka kwako baada ya safari ya Bukumbi. Niandikie ulichokiona, na walichokuambia wazee wale.